Posa kutoka Ng'ambo ya Mto

Majira ya baridi ambayo timu ya Woolwich ilisajili watu watatu kwa mpigo, mimi nilipoteza hamu ya kula. Sitii chumvi. Mke wangu aliniwekea mbele samaki wa kupaka, niliyekuwa nikimtamani tangu Ramadhani, nami nikamchokoa kwa kijiko huku nikiuliza, "Yule kipa wamemchukulia nini, na kipa wanaye?" Mke wangu akasema nile kabla hajapoa.

Sikuwa mchezaji, wala kocha, wala mwenyekiti wa kitu chochote. Nilikuwa shabiki tu. Timu yangu ilikuwa ya Barking, ya sisi watu wa Unguja na Pemba tuliojikuta mashariki ya London miaka ya tisini, huyu karani, yule fundi bomba, wengine wanasubiri majibu ya karatasi zao za ukaazi. Wapinzani wetu walikuwa ng'ambo ya mto, Woolwich, wengi wao watu wa Mombasa na mwambao ule. Tulicheza Jumapili, na wakati wa joto peke yake, kwa sababu baridi ya huku ilikuwa ikitushinda. Kuanzia Oktoba mpaka Aprili hapakuwa na mpira, palikuwa na maneno. Hiyo ndiyo miezi ya usajili, na ndiyo miezi niliyokuwa nikisikika mimi.

Zamani nilicheza kidogo. Nilikuwa kiungo, yule mtu wa katikati anayewaunganisha mabeki na washambuliaji, na waliokuwapo watakwambia sikuwa mbaya. Msimu wangu wa pili Barking goti la kulia likageuka na mimi nikabaki nilipo. Nikanunua kiti cha kukunja na chupa ya chai, nikakaa pembeni mwa uwanja, na kutoka pale nikawa namfundisha kocha wetu, namfundisha refa, na siku ikiwa mbaya naufundisha hata upepo.

Woolwich walikuwa na suti za michezo za kijani, zote rangi moja. Mgongoni kila mtu alitariziwa kazi yake kwa uzi mweupe: KIPA, BEKI, KOCHA, MWENYEKITI. Sisi tulikuwa na fulana nyekundu ambazo kila mmoja alifua kwake kwa sabuni yake, na baada ya mwaka mmoja hapakuwa na fulana mbili za wekundu mmoja. Nyavu zao hazikuwa na matundu. Walikuwa wakifika uwanjani nusu saa kabla ya sisi, na sisi ndio tulioishi karibu. Niliwaonea wivu, na sina neno jingine la kulipamba jambo hilo.

Kwa hiyo nilihoji. Kipa wao mpya alikuwa dereva wa basi, mrefu, na mazoezini alikuwa akivaa miwani. Nikauliza pale kwa kinyozi, mvua ikinyesha je, atafuta miwani au atadaka mpira? Beki wao mpya alitoka Lubumbashi, anasema Kiswahili cha kwao chenye Kifaransa ndani yake. Nikauliza duka la nyama, siku kipa atakapomwambia "toka", na yeye akasikia kingine, itakuwaje? Wa tatu alikuwa winga wetu wenyewe, mtu aliyetuchezea miaka minne. Huyo nilimhoji kila mahali, hata nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa, viatu mkononi. Nilisema amekwisha, pumzi hana, na wamechukua makapi yetu. Mtu mmoja akaniuliza, kama ni makapi mbona nina hasira? Nilimjibu kwamba nina haraka.

Jambo lililokuwa likiniudhi zaidi ni namna walivyosajili. Mwenyekiti wao alikuwa mzee wa Mombasa, mstaafu wa gereji ya mabasi, ndevu nyeupe zimepunguzwa vizuri. Huyu hakuwa akimpigia simu mchezaji. Alikuwa akienda kumposa. Anavaa kanzu na kofia, anachukua watu wawili na sinia la halua na mahamri lililofunikwa kitambaa cha kutarizi, na barua ndani ya bahasha, kama mtu anayekwenda kumwombea mwanawe mke. Wala haendi kwa mchezaji mwenyewe. Anakwenda kwa mkubwa wake. Kipa walimposa kwa dada yake mkubwa, aliyekaa Kingsbury. Beki hakuwa na ndugu London, basi wakaenda na sinia lao kwa mchungaji wake. Winga wetu walimposa kwa mama yake, na mama huyo, nasikia, alilia, kwa sababu miaka minne mwanawe alipotuchezea sisi hakuna aliyewahi kumwambia ahsante kwa kumzaa.

Nilicheka kuliko wote. "Na mahari je?" nilikuwa nikiuliza kwa kinyozi. "Na fungate wanakwenda wapi?" Watu wakacheka nami. Lakini njiani kurudi nyumbani nilikuwa nikijiuliza mbona mimi hakuna aliyewahi kupanda ngazi za nyumba yangu na sinia.

Mke wangu alikuwa nesi katika wodi ya mifupa. Shifti zake zilimchosha, na Jumapili isiyo na kazi angeweza kulala mpaka adhuhuri, lakini alikuja nami uwanjani. Alikuwa na mkoba wa bandeji na boksi la barafu. Mchezaji akianguka, yeye ndiye aliyekwenda. Aliwafundisha kunyoosha misuli kabla ya mchezo, akawakanda vifundo, akawafunga magoti, na wao wakamwita mama ingawa wengine walikuwa wa umri wake. Miaka saba alifanya hivyo. Mimi niliwaambia watu kwamba ananisindikiza.

Katika kiangazi cha kabla ya baridi ile yalitokea mambo mawili. La kwanza, mshambuliaji wetu aliumia kifundo, na mke wangu akasema atoke. Tulikuwa tunaongoza, na mimi nikasimama kwenye kiti changu nikapiga kelele, "Mwache acheze, mama we, huu mpira, si wodi." Watu wakacheka. Kocha akamrudisha mchezaji ndani, naye mke wangu akaikunja bandeji yake pole pole akairudisha mkobani. Mshambuliaji hakugusa mpira tena mpaka mwaka uliofuata. Mke wangu hakunikumbusha maneno yangu hata mara moja, na hilo nalo liliniudhi.

La pili lilitokea tulipocheza na Woolwich wenyewe. Mtu wao mmoja aligeuka goti mbele ya lango letu, akalala anapiga nyasi kwa kiganja. Mke wangu akachukua mkoba akavuka uwanja bila kunitazama. Alikaa naye chini muda mrefu, anamshika mguu, anazungumza naye kwa sauti ndogo, na yule mzee wa ndevu nyeupe amesimama karibu anaangalia mikono yake. Sikumsemesha mke wangu kutoka uwanjani mpaka mlangoni kwetu.

"Unawatibu maadui sasa," nikamwambia nikitafuta ufunguo.

"Nimetibu goti," akasema.

Alhamisi moja ya Februari simu ya ukumbini ikalia. Ilikuwa sauti ya mzee.

"Asalaam aleykum. Bwana, sisi ni watu wa Woolwich. Twaomba kuja kwako Jumapili baada ya alasiri. Tuna jambo la kheri."

Nikamwambia karibuni. Wamesikia, nikajiambia. Yale maneno yangu ya kwa kinyozi na duka la nyama yamevuka mto, na mzee ameona kwamba mtu mwenye jicho kama langu anaachwa bure pembeni mwa uwanja. Watanitaka niwe kocha, au angalau mshauri wa usajili. Nikaanza kuandaa namna ya kuwakatalia. Mimi ni mtu wa Barking, nitawaambia, siwezi kuwasaliti ndugu zangu. Nikaifanyia mazoezi hotuba hiyo mbele ya kioo cha bafuni, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Siku ya Ijumaa ilikuwa imekuwa hotuba ya kutaka muda wa kufikiri. Jumamosi ilikuwa hotuba ya kukubali kwa masharti, na sharti moja lilikuwa suti ya kijani.

"Jumapili nina wageni wangu," nikamwambia mke wangu.

"Wamesema ni wako?"

"Wa nani basi?"

Akaniangalia kidogo, akauliza wako wangapi, akakanda unga wa visheti.

Walikuja watatu, makoti mazito juu ya kanzu: mzee mwenyewe, kipa mwenye miwani, na katibu wao, mwalimu wa zamani aliyekuwa akiandika barua zao kwa mwandiko wa kujivunia. Walikuwa wamevuka kwa kivuko na kupanda basi mara mbili na sinia lile mikononi, na kitambaa hakikuwa na hata kunyanzi. Nililitia jicho. Miaka yote niliyolicheka sikuwa nimewahi kuliona kwa karibu. Walivua viatu, wakakaa. Mke wangu, kama ilivyo desturi ya posa, alibaki jikoni na mlango umeachwa wazi kidogo. Binti yetu wa miaka kumi na mitatu alizunguka na buli la kahawa. Huyu alizaliwa hapa, Kiswahili akikisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza.

Mzee akakohoa. "Bwana, hatukuja kwa shari. Tumekuja kuomba. Barua itasema yetu."

Katibu akafungua bahasha akasoma. Baada ya salamu na sifa za nyumba yangu, barua ikasema hivi: kwamba katika nyumba hii pana mtu wa viungo asiye na mfano katika London nzima, kwamba wamemtazama kwa muda mrefu, kwamba ana subira, ana jicho, na mkono wake una utulivu, na kwamba wao wanaomba kwa heshima akubaliwe awe wao siku za Jumapili.

Nilifumba macho. Mtu wa viungo. Baada ya miaka yote ile pana mtu aliyekumbuka kwamba nilikuwa kiungo. Ni kweli walikosea umoja na wingi, lakini hao ni watu wa Mombasa, wana Kiswahili chao, nikawasamehe. Lile la mkono lilinipitia pembeni kidogo, kwani kiungo huchezea miguu, ila nikalichukua kuwa ni mkono wa kuongoza. Na lugha yetu haibagui mume na mke. Ana subira, ana jicho, awe wetu. Kila neno lilinikaa kama kanzu niliyopimiwa.

"Ndugu zangu," nikasema, "mmeniheshimu. Goti langu mnalijua, kucheza siwezi tena. Lakini kwa kufundisha, na kwa mambo ya usajili, ambayo kwa kweli, na msinielewe vibaya, mnayahitaji, niko tayari kufikiri. Nina masharti machache."

Kipa alivua miwani akaifuta. Katibu akaitazama barua yake kama vile imeandikwa na mtu mwingine. Mzee aliinamia kikombe cha kahawa, na nikaona kwamba kikombe kile hakina kitu.

"Baba," binti yangu akasema akiwa amesimama na buli, "I think they mean Mum."

"Kosa ni letu," mzee akasema haraka. "Barua haikuandikwa wazi. Twamwomba bibi, kwa viungo vya vijana wetu, magoti na vifundo. Nawe ndiwe mkubwa wa nyumba, ndipo tukaja kwako. Lakini, bwana, kama si goti hilo, nawe tungekuposa."

Najua aliyasema kwa adabu. Nimeishi na maneno hayo miaka mingi, na siku nyingine huwa nayaamini.

Mke wangu akatoka jikoni amejifunga mtandio, akamwamkia mzee, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na dirisha. Mwanamke anayeposwa hakai na wageni, ila yeye alikuwa na mume na watoto wawili na hakuona sababu ya kujificha.

"Mzee, nina swali moja tu," akasema. "Nikisema mtu atoke, atatoka?"

"Atatoka. Hata akiwa mwanangu."

"Hata mkiwa mnaongoza?"

"Imo ndani ya barua," katibu akasema, na akageuza ukurasa wa pili, ambao mimi sikumpa nafasi ya kuusoma. Palikuwa pameandikwa kwamba neno lake juu ya mguu wa mchezaji litakuwa la mwisho.

Mke wangu hakunitazama. Laiti angenitazama. "Mtapata jibu," akasema, "kwa barua."

Sinia likabaki juu ya meza yetu wiki nzima na kitambaa chake. Kwao mke wangu sinia la posa halifunguliwi kabla ya jibu, na jibu huandikwa na mkubwa wa nyumba. Kwa hiyo mimi ndiye niliyetakiwa kuandika. Kila nilipopita sebuleni niliona lile umbo la duara limenikalia mezani, na wivu ukanipanda. Sikujua hata ninamwonea nani. Nilimwonea mke wangu kwa kutakiwa. Niliwaonea Woolwich kwa kujua kutaka. Na juu ya hayo nilikuwa mume aliyeletewa posa ya mke wake mwenyewe, na akamnywesha kahawa mposaji.

Jumatatu nilikwenda kwa mwenyekiti wetu wa Barking, yule fundi bomba. Nilimkuta kwenye nyumba ya mteja, kichwa chini ya sinki, miguu nje. Nikaieleza habari yote miguu ile.

"Mkeo?" akasema kutoka chini ya sinki. "Kwani anakwenda wapi? Si yupo siku zote?"

"Ndiyo maana nimekuja. Njooni nanyi mumwombe. Hata sinia la biskuti litatosha."

Akacheka mpaka akajigonga kwenye bomba. "Bwana weee. Yaani nivae kanzu nije kwako kumposa mkeo, abaki pale pale alipo?"

Nilitaka kukasirika, lakini sauti ile nilikuwa naijua. Lau ningekuwa mimi niliye chini ya sinki ningesema vile vile, na kwa kicheko kile kile.

Usiku wa siku ile mke wangu alikuwa anakunja sare zake za kazi. Nikamuuliza kwa nini kwao, kwa nini si popote pengine duniani ila kwao.

"Wao wamekuja kuniomba," akasema. "Nyinyi mlinikuta tu."

"Lakini kwetu wanakupenda."

"Wananipenda, sikatai. Lakini hebu nambie, baba watoto. Miaka saba, umeshaniuliza hata siku moja kama nnapenda kuja? Unachoniuliza ni kama mkoba nimeuchukua."

Nikatafuta Jumapili moja tu ya kumjibu. Nilikumbuka mvua, nilikumbuka magoli, nikakumbuka hata chai iliyomwagika garini. Swali hilo halikuwamo.

Jumamosi nilikaa kuandika. Barua ya kwanza ilikuwa na kiburi nikaichana. Ya pili ilikuwa na sharti kwamba siku Barking inapocheza na Woolwich yeye asihudumu. Nikampa aisome. Akachukua kalamu yake ya kazini, ile ya kuning'inia mfukoni, akaukata mstari huo kwa mpigo mmoja akanirudishia. Nikaandika upya bila sharti, nikaweka jina langu chini, nikatia bahasha. Ndipo akalifunua sinia. Ilikuwa halua nyeusi, laini, ya iliki nyingi. Nilitaka sana iwe mbaya. Nilikula vipande vitatu.

Suti ya kijani ililetwa Aprili. Koti lilikuwa na uzi mweupe mgongoni: VIUNGO. Alilitundika nyuma ya mlango wa chumba chetu, nami nikalala nalo macho kwa macho wiki nzima. Asubuhi moja, yeye akiwa kazini, nililivaa. Mikono iliishia mbali na viganja na mabega yakanibana. Nilijigeuza mbele ya kioo nijaribu kulisoma lile neno mgongoni, na katika kioo likaonekana kinyumenyume. Binti yangu alipita ukumbini akasimama.

"That's Mum's," akasema, akaendelea na safari yake.

Msimu ulipoanza mke wangu alikuwa akiondoka Jumapili asubuhi kuelekea kivukoni, na mimi nikielekea uwanjani kwetu na viti viwili. Cha pili nilikuwa nakitoa garini kwa mazoea, nakikunjua, halafu naona haya kukikunja tena. Basi kikakaa wazi pembeni yangu. Watu wakaulizia mke wangu yuko wapi. Mwanzo nilisema ana shifti. Baadaye nikachoka kudanganya nikasema ameposwa.

Vijana wetu waliumia kama kawaida. Wakawa wanajifunga bandeji wenyewe, vibaya, na kuja kwangu kunionyesha, kana kwamba miaka saba ya kukaa karibu naye imenifundisha kitu. Nikawa nawaambia waweke barafu. Barafu yenyewe hatukuwa nayo.

Julai Woolwich wakaja kwetu. Walifika mapema, kijani kitupu, na yeye yumo kati yao na mkoba mpya. Alinipungia mkono kutoka upande wa pili, nami nikampungia, kama majirani. Yule kipa wa miwani alidaka kila kitu. Winga wetu wa zamani, yule niliyesema hana pumzi, alikimbia ubavuni mpaka beki wetu akaomba maji. Sikuhoji usajili wa mtu yeyote siku hiyo.

Kipindi cha pili hatujafungana, mshambuliaji wetu akaanguka. Ni yule yule, na kifundo kile kile. Alilia kwa sauti niliyoitambua. Refa akapiga filimbi, na wote, kocha, wachezaji na mwenyekiti fundi bomba, wakageuka kunitazama mimi na kiti kitupu kilicho pembeni yangu.

"Mwite mkeo," kocha akasema.

Nikainua mkono nikaita kama nilivyozoea miaka yote, "Mama we! Mkoba!"

Mke wangu alisimama. Aliutwaa mkoba, akaja mpaka kwenye mstari mweupe, akasimama hapo. Hakuwa na kiburi usoni, wala hasira. Alikuwa anasubiri. Nikaita tena, na sauti yangu ikanirudia mimi mwenyewe, na ndipo nikafahamu anachosubiri.

Nikainuka kwenye kiti nikauvuka uwanja. Uwanja ule niliuona mrefu kuliko nilipoucheza. Goti langu lilikuwa likilia, na kijana wetu amelala katikati ameshika mguu. Nilipofika mbele ya mke wangu nilikuwa sina hotuba.

"Tunakuomba," nikasema.

"Nani?"

Nyuma yake mzee wa ndevu nyeupe alikuwa anayaangalia majani.

"Mimi," nikasema. "Mimi nakuomba. Kama unapenda."

Akageuka. "Mzee, nina ruhusa?"

"Ruhusa unayo, mwanangu. Nenda."

Akanipita akatangulia. Alipiga magoti pale kwenye nyasi, akakishika kifundo kwa viganja viwili, akamwambia kijana avute pumzi. Na mimi nikiwa nimesimama juu yao, sehemu ambayo sikuwahi kufika miaka yote ile niliyokuwa nikipiga kelele kutoka kwenye kiti, niliiona mikono yake inavyofanya kazi. Barua ilisema kweli. Ilikuwa na utulivu.

"Atoke," akasema.

Kocha wetu akapandisha mabega, akanigeukia mimi, kwa sababu siku zote katika jambo hili alikuwa na sauti yangu upande wake. Mke wangu naye, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya sinia, akanitazama.

"Kasema atoke," nikamwambia kocha.

Akatoka. Tulifungwa bao moja, na aliyelifunga ni winga.

Baada ya mchezo watu wa Woolwich walipanga mstari mbele ya mke wangu, kama walivyokuwa wakifanya kila Jumapili, kumbe, na mimi sikujua. Mmoja mmoja aliweka mkono kifuani akasema ahsante, hata wale ambao hawakuumia. Nikasimama mbali na viti vyangu viwili nikawaonea wivu vibaya sana, kwa kitu rahisi kama kile. Halafu nikaviweka viti chini, nikaenda nikashika foleni nyuma ya kipa mwenye miwani, nikasubiri zamu yangu.